Jembe Lisiondoke Mkononi mwa Mzee

Mazungumzo kuhusu kazi za uani kama mazoezi ya uzeeni, yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Kaunti Ndogo ya Banissa. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili wanaojua kusoma wawasomee wazee nyumbani.



Mvua ya gu inaponyesha kati ya Machi na Mei, na ya deyr kati ya Oktoba na Desemba, ua uliokuwa vumbi tupu hugeuka kijani kwa siku chache. Magugu huota mlangoni, kando ya choo na kuzunguka tangi la maji. Mara nyingi wa kwanza kuona kwamba pamemea ni mzee wa nyumba. Baada ya swala ya alfajiri huchukua jembe na kuanza kupalilia. Kabla hajafika mbali, mjukuu huja mbio na kuushika mpini: "Awowe, pumzika. Hiyo si kazi yako tena."

Mjukuu huyo ana adabu na majirani humsifu. Lakini mzee aliyepokonywa jembe hurudi mkekani, akaletewa chai yenye sukari nyingi, akakaa hapo hadi adhuhuri. Siku ya pili ni hivyo hivyo. Baada ya miezi kadhaa, yule aliyekuwa akipalilia uwanja hutafuta bega la kushikilia ili ainuke. Familia husema ni uzee umefika. Kwa sehemu ni kweli. Kwa sehemu nyingine, ni kukaa.

Mazungumzo haya yana ombi moja: mzee anayeweza kushika jembe aachwe alishike, na asaidiwe kulishika vizuri.

Miguu iliyozoea safari

Wazee wengi wa Banissa hawakuwahi kuhitaji neno "mazoezi". Maisha ya ufugaji yalikuwa mazoezi yenyewe. Mtu alitembea na ngamia na mbuzi kutoka malisho hadi malisho, akateka maji kisimani, akakata miiba na kuzungushia boma, akapakia nyumba nzima juu ya ngamia na kuhama. Mwili ulijengwa na kazi hizo kwa miaka 50 au 60.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Kuanzia mvua ya deyr ya mwaka 2020 hadi deyr ya mwaka 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Mifugo ilikufa, na familia nyingi za kaskazini mwa Kenya zikasogea karibu na barabara, shule na visima vya serikali. Vijana walipata bodaboda, duka au kibarua. Mzee alipata mkeka. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mifugo ilipoondoka, kutembea kuliondoka nayo.

Mwili haungoji. Misuli huanza kupungua tangu mtu akiwa na miaka ya thelathini na kitu, na baada ya miaka 60 hupungua kwa kasi zaidi. Misuli ya mapaja ndiyo inayomwinua mtu kutoka chini, na ndiyo inayomzuia asianguke anapojikwaa. Ikilegea, mzee huanguka. Akivunjika nyonga, safari ya matibabu kutoka Banissa ni ndefu, na wengi huwa hawarudii kutembea kama zamani. Presha na kisukari nazo hupenda mwili uliokaa.

Yaliyoonekana kwingineko

Mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikusanya nauli. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Tofauti kubwa kati yao ilikuwa ni kukaa na kutembea.

Mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, waliwachukua wazee 10 dhaifu wenye wastani wa miaka 90 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, kwa uangalizi, kwa muda wa wiki 8. Nguvu za mapaja ziliongezeka hadi karibu mara tatu ya zilivyokuwa. Kisha mazoezi yakasimamishwa. Katika wiki 4 tu, waliokuwa wakifuatiliwa walipoteza karibu theluthi ya nguvu zao.

Utafiti huo una habari mbili. Ya kwanza ni njema: hata mtu wa miaka 90 anaweza kupata nguvu. Ya pili ni onyo kwa kila mjukuu mwenye adabu: mwezi mmoja wa kupumzishwa unatosha kumrudisha mzee nyuma.

Utafiti wa tatu unafaa zaidi kwa watu wanaokaa chini. Mwaka 2012, madaktari wa Brazil walichapisha matokeo ya watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliombwa akae sakafuni na ainuke, akitumia mikono au magoti kidogo kadiri awezavyo. Walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Walioshindwa kuinuka bila kushika huku na kule walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka hiyo. Hapa Banissa kipimo hicho hufanyika kila siku, kwenye mkeka wa chakula na kwenye swala. Familia inayomwona mzee wake ameanza kutafuta ukuta ili ainuke imeshapata taarifa mapema.

Je, kazi ya uani ni mazoezi kweli?

Mwaka 1830, fundi mmoja wa Uingereza, Edwin Budding, alibuni mashine ya kwanza ya kukata nyasi, ya kusukumwa kwa mikono. Katika maelezo ya hati yake ya ubunifu alidokeza kwamba hata mabwana wenye mashamba wangeona kuisukuma wenyewe kuwa zoezi la kufurahisha na lenye manufaa kwa afya. Watafiti wa siku hizi wamepima jambo hilo. Kusukuma mashine isiyo na injini hutumia nguvu karibu mara 6 ya zile anazotumia mtu aliyekaa kimya. Yenye injini ni karibu mara 5. Kuchimba kwa jembe ni karibu mara 5, na kukusanya takataka kwa reki karibu mara 4.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki. Linaongeza kazi za kujenga misuli siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kujiweka sawa wasianguke siku 3 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5. Kupalilia, kufagia uwanja na kubeba maji ya miche kunaingia humo.

Mzee hahitaji saa wala mashine kujua kama kazi inatosha. Akipalilia huku akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, hiyo ni kazi ya wastani. Akishindwa kumaliza sentensi, amezidisha na apumzike.

Banissa haina viwanja vingi vya nyasi za kukatwa kwa mashine. Ina ua wa kufagia, boma la miiba la kutengeneza, miche ya mwarobaini ya kunyweshea, na kitalu cha sukuma wiki au kunde kando ya jikoni. Kazi hizo zina faida nyingine kwa nyumba nzima. Mwaka 2016, mji wa Mandera ulikumbwa na mlipuko wa chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu anayezaliana katika maji yaliyotuama karibu na nyumba. Mzee anayezunguka uwanja kila asubuhi, akamwaga maji yaliyobaki ndani ya mikebe na tairi kuukuu, anatembeza miguu yake na kulinda wajukuu wake.

Vifaa, kimoja baada ya kingine

Kifaa kizuri kwa kijana si lazima kiwe kizuri kwa mzee. Mambo matatu yaangaliwe: uzito, urefu wa mpini na makali.

Jembe. Mpini mfupi humlazimisha mtu kuinama kutwa, na mgongo ndio hulipa. Kwa mzee, mpini ufike kifuani akisimama wima, na bapa liwe dogo. Jembe butu huchosha mara mbili. Tupa ya kunolea ni ya bei nafuu na kijana wa nyumba anaweza kulinoa kila wiki. Jembe livutwe kwa chini kukwaruza magugu, lisinyanyuliwe juu ya kichwa. Mpini uliochongwa ukalainika hautoi malengelenge.

Reki na fagio. Hivi ndivyo vya kuanzia kwa mtu aliyekaa muda mrefu. Fagio fupi lifungwe kwenye fito ndefu ili afagie akiwa amesimama. Abadilishe mkono kila baada ya dakika chache, na asogeze miguu badala ya kuzungusha kiuno.

Hangool. Kila mfugaji anaijua fito hii yenye panda upande mmoja na kulabu upande wa pili. Inasukuma na kuvuta matawi ya miiba bila mkono kugusa mwiba wala mgongo kuinama. Walioibuni waliutunza mwili wa mfanyakazi. Mzee anayetengeneza boma kwa hangool anajenga mabega, mikono na uwezo wa kusimama imara kwa pamoja, na ndiye anayeweza kumfundisha mjukuu kuitumia.

Fyekeo, ambalo wengi huliita slasha. Hili litumiwe kwa uangalifu. Mwendo wake wa kuzungusha kiuno kwa nguvu unaweza kuumiza mgongo, na likiteleza hukata mguu. Mwenye miaka 60 aliyezoea anaweza kulitumia kwa dakika 10 kisha akapumzika. Asiyelizoea amwachie kijana. Taasisi zenye mashine ya injini zisimpe mzee kazi ya kuisukuma kwenye mawe au mteremko, na asiwepo mtu karibu nayo inapokata.

Kibuyu cha maji. Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20, nao si mzigo wa mzee. Achukue vibuyu viwili vya lita 3 hadi 5, kimoja kila mkono. Mwili unakaa sawa, na safari nne fupi ni bora kuliko moja nzito.

Kitalu. Panapokosa mvua, kitalu kilichochimbwa chini ya usawa wa ardhi hushika maji vizuri kuliko tuta. Kijana achimbe. Mzee apande, apalilie na anyweshee. Pembeni pawekwe jiwe au kigoda cha kukalia, na kijiti imara cha kushikia anapoinuka.

Kwa kina mama

Mengi yaliyosemwa hapa yanawahusu wanaume waliokaa. Nyanya wengi wa Banissa hawakukaa hata siku moja. Wanateka maji, wanatafuta kuni, wanapika na kulea. Kumwambia mama wa miaka 65 aongeze mazoezi ni kutomwona. Kwake ushauri ni kupunguza uzito wa mzigo mmoja mmoja. Mtungi wa lita 20 umwendee kijana au wilibaro, naye abaki na kitalu na miche. Kuni zisibebwe mgongoni kwa kamba ya kifuani. Nusu saa ya kazi nyepesi aliyoichagua mwenyewe humfaa kuliko saa nne za kazi inayomvunja.

Wiki ya kwanza hadi ya sita

Aliyekaa kwa miezi asirudi kwa siku moja. Wiki mbili za kwanza, afagie au atumie reki kwa dakika 10 asubuhi na 10 jioni, siku 3 kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne, aongeze kunyweshea miche na kupalilia, dakika 15 kila mara, siku 4. Wiki ya tano na ya sita, afike nusu saa kwa siku, siku 5, na siku 2 kati ya hizo zihusishe kazi inayotaka nguvu, kama jembe au hangool. Kila siku, kabla ya kuanza, ainuke na kukaa mara 5 kwenye kigoda. Maumivu kidogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya kiungo yanayozidi yanamtaka apunguze.

Saa nazo zina maana. Kazi ifanyike kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Jua la mchana la Banissa si la mzee wala la kijana. Kikombe cha maji kinywewe kabla, katikati na baada ya kazi, hata kama kiu haijaja, kwa sababu uzeeni kiu huchelewa. Wakati wa Ramadhani, anayefunga afanye kazi nyepesi tu, karibu na futari au baada yake.

Wanaopaswa kupimwa kwanza

Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au aliyewahi kupata kiharusi apimwe kabla ya kuanza. Mwezi Septemba 2023, wahamasishaji wa afya ya jamii nchini kote walianza kupewa mikoba yenye vifaa, kikiwemo cha kupima presha na cha kupima sukari. Familia imuulize mhamasishaji wa kijiji chake, au iende zahanati. Anayetumia dawa za sukari asifanye kazi tumbo likiwa tupu, na awe na tende mfukoni. Akianza kutetemeka na kutoka jasho baridi, ale mara moja na akae kivulini.

Kazi isimamishwe na msaada utafutwe bila kuchelewa kukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kizunguzungu kisichoisha, uso kupinda, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea.

Miguu ivalishwe viatu vilivyofunikwa, kwani mwiba wa mathenge hupita kandambili kwa urahisi, na kwa mwenye kisukari kidonda kidogo huweza kuwa kikubwa kabla hajakihisi. Mathenge, ambayo serikali iliitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008, ikatwe na vijana. Chanjo ya pepopunda iulizwe kituoni. Rundo la matawi lipigwe kwa fito kabla ya kuguswa, maana kifutu hulala kimya bila kukimbia. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, asichanjwe, asifungwe kamba ya kubana, na apelekwe hospitali haraka.

Haki na heshima

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua mtu aliyezidi miaka 60 kuwa mzee wa jamii. Kifungu cha 57 kinampa haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya kiasi kinachofaa kutoka kwa familia na serikali. Watu wengi hukumbuka matunzo na kusahau kushiriki. Vyote viwili vimo katika kifungu kimoja.

Kwa hiyo kila nyumba ifanye mambo manne wiki hii. Mpini wa jembe la mzee upimwe na bapa linolewe. Fagio lifungwe fito ndefu. Mhamasishaji wa afya aitwe apime presha na sukari. Na sehemu moja ya ua, hata hatua tano kwa tano, ikabidhiwe mzee iwe yake: apande anachotaka, apalilie anavyotaka, na watoto wamuulize kabla ya kuigusa.

Mjukuu mwenye adabu bado ana kazi. Achimbe, abebe mtungi mkubwa, anoe jembe, kisha amrudishie babu mpini na akae karibu amsikilize. Atajifunza jina la kila mmea unaoota hapo, na mzee atainuka kutoka mkekani kwa nguvu zake mwenyewe.